Maji Chumvi, Maji Baridi

Nesi alinisimamisha kwenye korido ya nyumba ya wazee, mkono mmoja juu ya toroli la dawa, mwingine umeshika koti langu kana kwamba nataka kukimbia.

"Mzee, samahani. Wewe si ni mtu wa Coast?"

Nikamwambia ndiyo, mimi ni wa pwani, ingawa siku hizi ni wa Granville, hapa Sydney.

"Basi kuja unisaidie. Kuna buda mmoja kule mwisho, Muiraki. Hatambui mtu. Lakini aki nakuapia, huyo buda anaongea Kiswahili."

Nilidhani ananitania. Ni Mkenya wa bara, Mkristo, anakaa Quakers Hill, na ana tabia ya kuwatania wazee ili wamalize uji wao. Mimi huenda pale Fairfield kila Jumanne kuwatazama wagonjwa Waislamu. Kumtazama mgonjwa ni haki yake juu yetu, na kwa mtu wa umri wangu ambaye miguu bado inamfikisha stesheni na kumrudisha, hiyo ni namna nyepesi ya kushukuru.

"Anasema nini?"

"Anasema chumvi. Kila tukimpa kinywaji anatema, anasema chumvi. Na mimi nimeonja, Mzee, kwa kijiko changu mwenyewe. Hakuna chumvi! Halafu anasema vuta. Tunamvuta juu kitandani, tunampangia mito, tukigeuka tu, vuta! Sasa wenzangu wananiuliza, kwani huyu ni babu yako umetuficha?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka. Aliniambia shida yenyewe tukiwa tunatembea. Koo la yule mzee lilikuwa limelegea. Maji ya kawaida yalimpotea njia, yakaingia mapafuni, na mara mbili alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili hiyo. Kwa hiyo kila anachokunywa lazima kichanganywe na unga fulani mpaka kiwe kizito kama uji wa mgonjwa. Naye alikuwa ameukataa uzito huo; kwa siku vilimpita vijiko vichache tu. Daktari alishasema mishipa yake imechoka, hawatamrudisha hospitali kumtoboatoboa tena.

"Kwa hivyo asipokunywa?" nikauliza.

"Asipokunywa, Mzee, si unajua."

Nilijua.

Chumba kilikuwa na joto la hita, na dirisha lilitazama ukuta wa ghala. Mzee alilala ubavu. Nilipomwona uso nilisimama kidogo mlangoni, kwa sababu ulikuwa uso ambao ningeweza kuukuta kwenye baraza ya msikiti wa kwetu, pale wazee wanapokaa baada ya alasiri. Alikuwa mweusi kama mimi, na paji la uso pana. Kando yake alikaa binti yake, mama wa makamo mwenye rangi ya maji ya kunde, na viatu vyake vilikuwa na unga mweupe kwenye mishono. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate. Huko kwao Basra, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mwalimu wa historia.

Nikamsalimu kwa Kiarabu. Nikamwambia kwamba nimekuja kumtazama mzazi wake, na kwamba namwombea shifaa, apone. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha midomo ikamcheza.

"Hajji, Kiarabu hiki umekitoa wapi?"

"Chuoni, madrasa, binti yangu. Nimekisoma na nimekifundisha."

"Nimeona. Nilidhani nimesimama chini ya mimbari. Ukienda kununua nyanya kwa lugha hii, muuzaji atatawadha kwanza."

Nilicheka, na nadhani kicheko kile ndicho kilichotufanya tuwe marafiki. Tangu hapo tulizungumza tulivyoweza, Kiarabu changu cha vitabu, chake cha nyumbani, na Kiingereza cha Sydney kikiziba mapengo.

Nikamwuliza kuhusu maneno ya baba yake. Hayo mengine, akasema, hayajui. Alidhani ni maradhi yanayomchanganyia ulimi. Lakini moja lilikuwa wazi kabisa: anaomba maji ya baridi. "May barid," akasema, ndivyo wanavyosema kwao, ila ulimi wa baba umekuwa mzito, anayavuta kidogo.

Nesi, aliyekuwa akipima joto la mgonjwa, akadakia kwa Kiingereza kwamba hata yeye amesikia hivyo hivyo. Maji baridi. Kwa Kiswahili ni maji baridi, kwa Kiarabu chao karibu ni hayo hayo. Wote wawili walikuwa wameafikiana, na kwa kuwa lugha mbili zilisema jambo moja, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza tena. Walimtilia barafu kwenye kile kinywaji kizito. Walimpa barafu iliyosagwa kwa kijiko. Walimletea jeli kutoka kwenye friji.

"Anafumba mdomo," binti akasema. "Ananiomba baridi, nampa baridi, ananikataa. Jana alilia. Sijapata kumwona baba yangu akilia, hata tulipoiacha nyumba. Ananiadhibu kwa lipi?"

Mimi pia nilisikia walichosikia wao. Mtu akikaa Sydney muda mrefu, maji baridi ni yale ya kwenye friji.

Nilikaa mpaka mzee akaamka. Alifungua macho, akayatazama maua ya plastiki, akasema kwa sauti iliyokauka kama karatasi, "Maji baridi." Kisha akayafumba. Herufi ya jimu, ile j, niliisikia vizuri. Hakusema may. Alisema maji. Nilirudi Granville kwa treni nikiwa na neno hilo, na nilipowaeleza wajukuu wangu wakati wa chakula, mmoja akanijibu kwa Kiingereza kwamba labda alikuwa na rafiki Mswahili kazini. Ndivyo wanavyojibu siku zote, Kiswahili kinaingia na Kiingereza kinatoka. Lakini hatujifunzi kuomba maji kwa marafiki wa kazini.

Jumanne iliyofuata nilichukua chupa yangu ya zamzam, maji ya kisima cha Makka. Nilikuwa nimeiweka kabatini tangu nilipohiji na marehemu mke wangu, nikiiwekea siku yangu ya mwisho. Niliona huyu ana haja kuliko mimi. Nesi aliipokea kwa mikono miwili, ingawa si dini yake, akapima unga, akakoroga. Binti akamnyanyua baba kichwa, akasoma dua, akamtilia kijiko.

Akatema. "Chumvi," akasema.

Binti alitazama chupa, akanitazama mimi, akashindwa kujizuia. "Samehe, Hajji. Lakini kwa zamzam hana makosa. Nimeinywa. Ina chumvi kidogo."

Ni kweli. Ina ladha hiyo, na kila aliyekunywa anaijua. Nilimshukuru Mungu kwamba angalau mgonjwa yule ulimi wake ulikuwa mzima. Lakini mashavu yake yalikuwa yameingia ndani zaidi ya wiki iliyopita, na nesi alipomvuta ngozi ya mkono kidogo, ngozi ilibaki imesimama.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilianza kuja pia siku nyingine. Tulikaa pande mbili za kitanda. Nilimwuliza binti lile swali lililonikaa rohoni: mtu wa Basra amelipata wapi neno chumvi? Hakunijibu. Badala yake alinifundisha somo. Nilimwelewa, kwa sababu na mimi nikiulizwa nisilolitaka hukimbilia darasani.

Alinieleza juu ya watu wa kale waliokaa pale ambapo mito miwili inaingia Ghuba. Walikuwa na ngano na shayiri, kondoo na mafuta ya ufuta, lakini hawakuwa na jiwe wala mti wa maana wala madini. Kwa hiyo walifuma vitambaa vya sufi, wakavipakia kwenye vyombo vya matete vilivyopakwa lami, wakateremka Ghuba kutafuta shaba. Shaba ilitoka kwenye milima ya Omani. Pembe na shanga nyekundu zilitoka mbali zaidi, upande wa Bara Hindi. Na katikati ya njia hiyo yote kulikuwa na kisiwa, Bahrain ya leo, ambacho wao walikiita Dilmun. Wafanyabiashara wa pande zote walikutana hapo, wakapatana bei, wakagonga mihuri yao midogo ya mviringo juu ya udongo mbichi. Kwa mkono wake aliniumbia muhuri huo hewani, kidole gumba na cha shahada.

"Na kwa nini pale?" akaniuliza, kama ninavyowauliza wanafunzi wangu. "Kisiwa hakina shaba. Hakina mbao. Kwa nini watu wote wasimame pale?"

"Sijui, mwalimu."

"Fikiri, Hajji. Baharia anataka nini kuliko vyote?"

"Kurudi kwake."

"Hilo la pili," akasema. "La kwanza ni maji."

Kisiwa kile, akaendelea, chini yake kuna maji matamu yanayotoka mbali, chini ya jangwa la bara. Yanachimbuka visimani, na yanachimbuka hata baharini. Chini ya maji ya chumvi, kwenye mchanga wa sakafu ya bahari, kuna chemchemi za maji ya kunywa. Watu walipiga mbizi na viriba vya ngozi, wakaweka mdomo wa kiriba juu ya chemchemi, wakakijaza, wakakifunga, wakapanda nacho. Kwa miaka mingi alilifundisha jambo hilo kama ajabu ya kale, na watoto darasani hawakumwamini.

Mimi nilimwamini. Nimefundisha kwa umri wangu wote habari ya bahari mbili, ya tamu na ya chumvi, na jina lenyewe la kisiwa, Bahrain, maana yake ni hizo bahari mbili. Lakini nilitaka kujua jambo dogo zaidi.

"Na hao waliopiga mbizi," nikasema, "walikuwa nani?"

"Watu wa zamani."

"Zamani ipi?"

Aliweka sawa shuka la baba yake, ambalo lilikuwa sawa. Ghala la nje lilikuwa likishusha mabunda ya mabati na kelele zilikuwa nyingi. Zilipotulia akasema, bila kunitazama, kwamba viriba viliendelea kushushwa mpaka wakati wa babu wa baba yake. Vyombo vya lulu vilikaa baharini miezi yote ya joto, na maji ya kunywa yalipokwisha, alitumwa mtu chini. Alitumwa mtumwa.

Basi hapo alinieleza, na sasa hakusema kama mwalimu. Babu yule alikuwa ameletwa akiwa mtoto, hakujua kutoka wapi, ila palikuwa na minazi. Alizamia lulu mpaka masikio yakapasuka. Biashara ya lulu ilipokufa, waliokuwa wakimmiliki walimwacha tu, kama mtu anavyoacha kikapu kilichotoboka, naye akapanda mpaka Basra kufanya kazi kwenye mashamba ya mitende. Baba yake, huyu aliyelala hapa, alilelewa na babu huyo kwa sababu mama yake alifariki mapema. Babu alikuwa kiziwi, na alisema maneno yasiyoeleweka. Nyumbani watoto walikatazwa kuyauliza. Jirani aliyeuliza aliambiwa kwamba wao ni ukoo wa mabaharia.

"Shuleni watoto wenzangu hawakutuita mabaharia," akasema. "Walituita kwa lile neno. Unalijua."

Nilisema nalijua: abd, mtumwa. Neno hilo katika dini yangu ni heshima, mja wa Mwenyezi Mungu, tunawapa watoto majina kwalo. Mitaani kwao lilimaanisha rangi ya ngozi na bei.

"Nimefundisha njia zote za biashara za Ghuba," akasema. "Shaba, sufi, lulu, tende. Naweza kukuchorea ramani nikiwa nimefumba macho. Hii moja sikuifundisha hata siku moja."

Nilikuwa nikimsikiliza, lakini kuna kitu kilikuwa kikinigonga. Tende. Nilipokuwa mdogo tulikula tende za Basra, zimeshindiliwa kwenye makanda mpaka zikawa tofali moja. Tulizing'ang'ania Ramadhani. Watu wazima walisema kwamba boriti za mikoko zinatoka kwetu kwenda kuezeka nyumba zao, na tende zinakuja, na sisi tuliona hiyo ni biashara nzuri. Hakuna aliyesema ni nini kingine kilichokwenda na boriti. Nikakumbuka nyumba yetu, na mama, na mtungi. Nikakumbuka visima viwili nyuma ya mtaa, kimoja karibu, kimoja mbali.

"Subhanallah," nikasema kwa sauti, hata mzee akafungua macho.

Kwetu kile kisima cha karibu kiliitwa cha maji chumvi. Yalikuwa ya kufulia na kuogea. Kile cha mbali kiliitwa cha maji baridi. Nilitumwa huko kila siku, na mama alionya, usinidanganye ukateka hapa karibu, nataka maji baridi. Jua la saa saba likiupiga mtungi, maji yale yalifika nyumbani yana uvuguvugu wa mkojo wa mtoto, na bado yalikuwa maji baridi. Baridi yake haikuwa ya mkononi, ilikuwa ya ulimini. Maana yake ni maji yasiyo na chumvi. Ndivyo tulivyosema kwetu, na huko pwani wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na mimi nilikuwa nimekaa kando ya mtu anayeniambia hivyo kwa wiki mbili nikimsikia anaomba friji.

Nilimweleza binti. Ilibidi nirudie, kwa sababu Kiarabu changu kilitangulia mbele ya akili yangu. Alipoelewa aliweka mkono juu ya mdomo.

Nesi aliingia na toroli akatukuta hivyo. "Nini tena? Amekunywa?"

Nikamweleza naye. Akakunja uso. "Kwani, Mzee, baridi si ni baridi?"

"Bara kwenu ni baridi. Kwetu ni tamu."

"Ninyi watu wa Coast na Kiswahili chenu! Sasa mtu wa Nyeri atajuaje?" Kisha akamtazama mgonjwa, na utani ukamtoka usoni. "Na ile vuta?"

Binti ndiye aliyejibu, nilipomtafsiria. Mpiga mbizi alifungwa kamba aliyoivuta mara moja akitaka kupanda, na juu chomboni alikuwako mtu wa kumvuta. Hakuwa na njia nyingine ya kupanda.

"Kumbe," nesi akasema polepole. "Kumbe tulikuwa tunamvuta sawa."

Sijui ni nani hasa aliyekuwa kitandani pale. Mzee yule hakupiga mbizi hata siku moja. Alifanya kazi bandarini Basra, juu ya nchi kavu, akiandika mizigo. Huenda babu kiziwi alimsimulia usiku akiwa mtoto, au huenda alilia hivyo usingizini na mtoto akasikia. Maradhi yalikuwa yamekula Kiingereza chake kidogo, kisha Kiarabu chake, kisha jina la binti yake, yakafika chini kabisa, na chini kabisa yalikuwa maneno ya mtu mwingine. Alikuwa mahali penye maji ya chumvi pande zote, na kila kijiko tulichompelekea kilikuwa chumvi hiyo hiyo.

Basi sasa tulijua anachoomba. Anaomba maji. Maji matupu, mepesi, yale tuliyokatazwa kumpa.

Daktari, msichana mpole, alikuja jioni hiyo. Alisikiliza kisa chote bila kutazama saa. Alisema kuna njia: mgonjwa wa hali hii anaweza kupewa maji ya kawaida kwa kijiko, kidogo kidogo, kwa ajili ya raha yake tu, iwapo familia inaelewa kwamba yanaweza kuingia mapafuni na kumwondoa mapema. Asipopewa, ataondoka kwa kiu. Alisema wazi, bila kuzungusha, na nilimheshimu kwa hilo. Kisha akasema uamuzi ni wa binti, akatoka.

Binti akanigeukia. "Hajji, wewe umesoma. Nikimpa maji na yakamwua, mimi ni nani mbele ya Mungu?"

Nimeulizwa mambo mengi katika maisha yangu, ya talaka, ya mirathi, ya nadhiri. Hili lilikuwa zito kuliko hayo. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu wa watoto, si mufti. Nikamwambia ninachokijua: kumnywesha mwenye kiu ni katika sadaka kubwa, matendo yanapimwa kwa nia, na daktari mwaminifu amesema mauti yapo njiani kwa vyovyote. Nikamwambia pia nisichokijua, kwamba siwezi kumwahidi kuwa baadaye hatakuwa na usiku wa kujiuliza.

"Hilo unalisema kwa Kiarabu kizuri," akasema, machozi yakimshuka. "Ningependa ungelisema vibaya ikawa na maana nyingine."

Aliomba apewe muda. Alitoka nje akakaa kwenye benchi la wavutao sigara, ingawa havuti. Nilimwona kupitia dirishani, amejikunyata kwenye koti, unga bado uko viatuni. Mimi na nesi tulikaa na baba yake. Shifti ya nesi ilikuwa imekwisha, lakini hakuondoka.

Aliporudi alikuwa ameshaamua. Alijaza gilasi bombani, maji ya Sydney ya bure. Akaiweka juu ya hita kidogo ubaridi uishe, kisha akaonja mwenyewe. Tukamkalisha baba yake wima. "Vuta," nesi akasema, na tukamvuta. Binti akasema bismillah, akampa kijiko.

Mzee aliyashika maji mdomoni. Nilimwona akiyatafuta kwa ulimi. Kisha koo likapanda na kushuka, na akafungua mdomo tena kama kinda la ndege. Akapewa kijiko cha pili. Cha tatu kilimkwama, akakohoa kikohozi cha ndani, kibaya, akawa wa buluu midomoni, na nesi akamwinamisha na kumpigapiga mgongo mpaka akarudi. Binti aliishika gilasi kifuani mwake kwa mikono yote miwili mpaka maji yakamwagika kwenye nguo. Tulidhani imekwisha. Mzee akavuta pumzi. Akasema, "Baridi." Hakuwa akiomba. Alisema kama mtu anavyowaambia wenzake walio juu kwamba amepaona.

Akafungua mdomo tena. Binti akanitazama. Akampa.

Alikunywa hivyo siku chache. Homa ikaingia kifuani kama daktari alivyosema, na pumzi ikawa na sauti ya majani yanayoburutwa. Haikuwa rahisi. Naandika hivi kwa sababu watu wakisimulia husema alilala tu. Hakulala tu. Alihangaika, wakampa dawa, akatulia, akafariki asubuhi mvua ikinyesha, binti akiwa amemshika kidole. Baadaye aliniambia kwamba mwishoni kidole kilivutwa mara moja, kwa nguvu ambayo hakudhani baba bado anayo. Alikivuta naye. Hakujua kama alifanya vyema, wala kama kulikuwa na kitu cha kufanya.

Nilikuwa miongoni mwa tuliomwosha. Maji yalipita juu ya paji lile la uso, na katika masikio yale ambayo hayakupasuka, na nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa hayo masikio. Aliyekuwa akinimiminia alikuwa kijana wa Kilebanoni wa Granville, akaniuliza kama marehemu ni ndugu yangu. Nikamwambia ndiyo.

Makaburini udongo ulikuwa mzito, wa kushikamana na majembe. Wanawake walisimama nyuma kidogo. Nesi alikuja, amejifunga kitambaa kichwani kwa namna ya kanisani kwao, na hakuna aliyemsema. Tulipomaliza kufukia na kuinua tuta, nikaomba maji ya kunyunyizia kaburi, kama ilivyo ada. Kijana mmoja alianza kwenda kwenye bomba la bustani, lenye kibandiko kwamba maji yake si ya kunywa. Binti akamzuia. Akatoa chupa kwenye mkoba wake, akaja nayo mwenyewe mbele ya wanaume.

"Huko Dilmun," akaniambia kwa sauti ya chini, "kuna makaburi maelfu kwa maelfu, vilima juu ya vilima, wafanyabiashara na watu wao. Kando ya maiti waliweka mtungi. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba ni imani za watu wasiojua."

Nilipokea chupa. Kabla ya kumimina nilifanya jambo ambalo sikulipanga: nililowanisha kidole, nikakiweka ulimini.

"Ni baridi?" akaniuliza. Alilisema neno hilo kwa Kiswahili, kama alivyolisema baba yake.

Chupa ilikuwa imekaa kwenye mkoba karibu na mwili wake, na maji yalikuwa na joto.

"Baridi," nikamwambia, nikaanza kunyunyiza kuanzia upande wa kichwa.